Chaunsa hadi Kampala: jinsi ninavyonunua maembe ya kwetu

Kila mwaka, mwezi wa Mei ukiingia, simu yangu huanza kulia. "Bhai, Chaunsa zimefika?" Jibu langu ni lile lile: Mei hakuna Chaunsa, embe letu la Pakistan linaloanza kuja Julai. Anayekuuzia Chaunsa mwezi wa Mei anakuuzia jina.

Nilizaliwa Shujabad, mji mdogo kusini ya Multan, Pakistan, ambako bustani za maembe zinaanzia nyuma ya ukuta wa nyumba. Nikiwa na miaka saba baba mdogo alinileta Mombasa, nikakulia Kibokoni, na Kiswahili ndicho nilichochezea utotoni. Sasa ni mwaka wa 14 niko Kampala, nauza magari yaliyotumika pale Nakawa. Maembe siyauzi. Ninayanunua kwa ajili ya nyumba yangu, na zaidi kwa ajili ya mama yangu anayeishi nasi Old Kampala. Msimu ukipita bila yeye kushika Chaunsa mkononi, huwa kimya, na ukimya huo naujua. Ndiyo sababu nimejifunza jambo hili kwa bidii, na ninataka Mpakistani mwenzangu aliyefika Uganda juzi asipoteze pesa kama nilivyopoteza mimi.

La kwanza ni kalenda, na hapa usikubali kubembelezwa na mtu. Usiagize "maembe ya Pakistan". Agiza aina, na uagize katika wiki zake. Sindhri ndiyo inayotangulia. Inatoka mkoa wa Sindh, upande wa Mirpur Khas, na huanza kusafiri mwishoni mwa Mei, ikaendelea Juni na kuingia Julai. Ni embe kubwa, refu, lenye ganda laini la manjano na nyama isiyo na nyuzi nyingi. Kisha mkoa wetu wa Punjab unaamka: Langra, ambayo hubaki na rangi ya kijani hata ikiiva, kwa hiyo usiitupe ukidhani ni mbichi, halafu Anwar Ratol, kaembe kanakoenea kiganjani, lakini ukikaweka sebuleni nyumba nzima inanukia. Chaunsa yenyewe huja Julai na Agosti, kutoka Multan, Khanewal, Muzaffargarh na Rahim Yar Khan. Ya mwisho ni Chaunsa nyeupe, ya Agosti hadi Septemba. Kwetu husimulia kwamba Sher Shah Suri, mtawala wa zamani wa Bara Hindi, ndiye aliyelipatia embe la Chaunsa jina hilo, kwa kumbukumbu ya ushindi wake juu ya mfalme Humayun wa Mughal huko Chausa mwaka 1539. Mama hulisimulia hilo kila mara tunapofungua katoni ya kwanza, na watoto wangu wanalijua kwa moyo.

Mwaka wangu wa tatu hapa nililipia katoni nne za "Chaunsa" mwanzoni mwa Juni. Tarehe haikuniingia akilini, lakini mama alikuwa ametoka hospitali na nilitaka kumfurahisha. Maembe yalikuja yamechumwa kabla ya kukomaa. Yakakunjamana kama ngozi ya mzee, ndani yakabaki meupe na makali. Mama alionja kipande, akashukuru, akasogeza sahani. Sijasahau.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma hata shilingi moja, namuuliza muuzaji maswali matatu. Limechumwa lini? Limetoka wilaya gani? Bei hii ni ya uzito wa tunda au wa tunda na katoni yake? Muuzaji mzuri hujibu mara moja, kwa sababu naye alimuuliza mwenye bustani. Yule anayekwambia, "Bhai, usijali, ni A-one," mshukuru kwa adabu uachane naye. Swali la uzito usiliruke. Pesa nyingi unazolipa hapa ni za nauli ya ndege, wala si za embe, na ndege hupima kila kitu, pamoja na karatasi na boksi. Watu wawili wanaweza kukutajia bei moja, na mmoja akawa ghali zaidi kwa sababu katoni yake ina tunda pungufu.

Kwa kawaida hatuagizi mmoja mmoja. Kuna mtu mmoja katika jamii yetu anayekusanya oda kwenye kikundi cha WhatsApp, akifikisha mzigo wa kutosha anaagiza. Jiunge na kikundi cha namna hiyo kupitia msikiti au kupitia wenzako wa biashara, lakini malipo yawe na utaratibu. Mimi natuma nusu kwa mobile money na kuhifadhi ujumbe wa malipo, nusu nyingine natoa nikishafungua katoni mbele ya aliyenikabidhi. Pia mkubaliane mapema, kwa maandishi, nani atabeba hasara iwapo tunda litafika limeoza. Watu wanaona haya kulizungumza jambo hili kwa kuwa wanafahamiana. Ni afadhali haya ya dakika tano kuliko ndugu wawili kutopeana mkono baada ya swala ya Ijumaa.

Usibebe maembe kwenye sanduku la nguo. Nasema hivi kwa moyo, kwa sababu kila Julai kuna anayejaribu. Tunda lisilosindikwa, liwe bichi au bivu, linaloingia Uganda linahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi lilikotoka, pamoja na kibali cha kuingiza kutoka Wizara ya Kilimo ya hapa. Jamaa yangu mmoja alinyang'anywa maboksi mawili uwanja wa ndege wa Entebbe, akafika nyumbani analalamika. Sikuweza kumtetea. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya, muda si mrefu akawa ameenea Uganda na kwingineko, na hadi leo mkulima wa maembe wa hapa anapambana na funza ndani ya tunda lake. Nchi imetupokea. Tusiiletee nzi mwingine kwa ajili ya hamu yetu. Kwa hiyo nunua kwa mtu aliyelipia ushuru na mwenye karatasi, na usione aibu kuomba kuziona.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Pakistan hadi Entebbe. Mzigo hupitia Dubai, Sharjah, Doha au Addis Ababa. Mwezi wa Julai joto la Ghuba hupita nyuzi 40, na katoni iliyosahaulika juani kwa saa chache inaiva nje huku ndani ikichacha. Ndiyo maana namuuliza anayeagiza mzigo unapita wapi na unasubiri muda gani kabla ya ndege ya pili. Napenda ule unaobadilisha ndege usiku. Na siku ya kufika usiseme utachukua kesho. Mpe kijana wa boda umwaminiye, au nenda mwenyewe ukitoka kazini.

Ukipokea, fungua papo hapo. Tazama mabega ya embe, pale kwenye kikonyo. Embe lililokomaa lina mabega yaliyojaa na kuinuka, kikonyo kikiwa kama kimezama kidogo. Lisilokomaa mabega yake yanateremka. Michirizi ya kahawia ya utomvu isikutishe, hiyo imeunguza ganda tu. Doa jeusi lililolainika na kuzama ndani, hasa karibu na kikonyo, ndilo la kuogopa, na embe hilo litenge na wenzake. Ukiona maembe yote yana manjano ya aina moja, magumu kama jiwe na hayana harufu, chunguza katikati ya karatasi. Mara nyingine utakuta vifuko vidogo vya unga wa kijivu. Hiyo ni kabaidi, kwetu wanaiita "masala", ya kuivisha haraka. Huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu. Katoni ya namna hiyo mimi nairudisha, hata kama mwenye kuileta ni rafiki.

Nyumbani nayatia kwanza kwenye ndoo ya maji. Lililokomaa huzama, linaloelea nalitenga kwa achari. Kisha nayafuta yakauke vizuri, ndipo nayavumbika.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanafuata mazoea ya nyumbani. Multan mwezi wa Juni ni tanuri, embe linaiva kwa siku mbili tatu. Kampala iko juu, kama mita 1,200 hivi, na usiku kuna baridi. Embe lile lile hapa litakuchukua siku tano, hata saba. Mtu akiona siku ya tatu bado gumu, anakata tamaa na kulitia kwenye friji. Kosa! Embe bichi likikaa chini ya nyuzi 12 au 13 linaumia: ganda linakuwa la kijivu, na hata ulitoe halipati utamu tena. Friji ni ya embe lililokwisha kuiva, na hata hilo si kwa siku nyingi.

Shujabad tulivumbika kwenye majani makavu ya ngano. Kibokoni, bibi wa jirani alivumbika embe dodo kwenye gunia la mchele. Mimi natumia katoni ile ile, nimeitoboa pembeni na kutandika magazeti, maembe yamepangwa safu moja, kikonyo kikitazama chini, yasigusane. Katikati naweka bogoya moja mbivu kabisa. Ndizi mbivu hutoa hewa ya ethilini, ndiyo inayoamsha uivaji. Katoni inakaa chumba chenye joto zaidi nyumbani, kwetu ni kile kilichopakana na jiko. Kila asubuhi nageuza kila embe na kunusa kwenye kikonyo. Pua ndiyo itakayokwambia, wala si rangi. Harufu ya asali ikianza, na bega likikubali kidogo ukilibonyeza kwa kidole gumba, toa.

Kabla ya kula, yaloweke saa moja kwenye maji ya baridi. Sindhri ni ya kukata vipande. Chaunsa usiikatie kisu, ukiweza. Iviringishe taratibu kati ya viganja mpaka ndani iwe urojo, ng'oa kikonyo, mwaga tone la kwanza la utomvu, kisha fyonza mpaka kokwa itoke. Baadaye tunakunywa kachi lassi, maziwa kidogo na maji mengi. Mama anasema inapoza joto la embe, nami sijawahi kula embe bila hiyo.

Usiziteketeze pesa kwa kila kitu. Embe la milkshake si lazima litoke Multan: miezi hiyo hiyo soko la Nakasero, hapa Kampala, limejaa maembe ya Uganda, na embe bichi la hapa linatoa achari nzuri kabisa. Na jamun, ambayo Mombasa tuliiita zambarau, ipo. Waganda wanaiita jambula. Siku nilipomletea mama mfuko wa jambula alioununua kijana wangu barabarani, alikaa kitako sakafuni, akazila zote na chumvi, ulimi ukawa wa rangi ya wino. Nilikuwa nimeulizia bei ya kuziagiza kutoka Lahore.

Chaunsa nyeupe zikikaribia kwisha, mwezi wa Septemba, nanunua katoni moja ya ziada. Nyama yake naikamua, naitia kwenye mifuko midogo na kuigandisha, ikisubiri wageni wa Desemba. Desemba yenyewe ni mwezi wa kinoo, chenza la Sargodha na Bhalwal, ambalo msimu wake unafika hadi Machi. Asili yake ni mchanganyiko uliofanywa California na kutolewa mwaka 1935, ila Punjab imelifanya mwana wake. Ganda lake ni gumu kuliko la embe, linavumilia safari ya meli, kwa hiyo bei yake si ya kutisha. Lipime kwa mkono: zito kwa ukubwa wake ndilo lenye maji. Jepesi lenye ganda lililojitenga na nyama limekaa sana ghalani, liache. Mbegu zimejaa, mkalishe mtoto karibu na bakuli. Mimi huanza kuulizia wiki ya pili ya Desemba, na kumwachia mama achague katoni mwenyewe.