Kabla ya kumvusha mgonjwa kukatwa mfupa wa taya uliokufa

Nilifanya unesi katika vyumba vya upasuaji hadi nikastaafu, na hapa Likoni majirani hunijia na bahasha za eksirei kabla hawajapanda feri. Mimi eksirei siitaki kwanza. Nataka mfuko wa dawa, maana baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa ndizo zinazoweza kuua mfupa wa taya.

Kusanya zote, si za meno peke yake. Daktari wa upasuaji wa kinywa atauliza kuhusu hizo dawa za mifupa: mgonjwa amewahi kumeza alendroneti ya kila wiki? Ametundikiwa dripu ya asidi ya zoledroniki? Amedungwa denosumabu? Kwa maradhi gani, tangu lini, mara ya mwisho lini? Mwenye saratani iliyofika mifupani hupewa dozi nyingi kuliko bibi anayetibiwa mifupa iliyokonda, kwa hivyo hatari yake ni kubwa zaidi. Sema pia kama taya liliwahi kupigwa mionzi, maana huo huhesabiwa ugonjwa mwingine. Na mfupa umeonekana kinywani kwa muda gani? Wiki 8 zikipita haujafunikwa kwa aliyetumia dawa hizo, ndipo madaktari huuhesabu kuwa ugonjwa huu.

Dawa usimwachishe wewe. Denosumabu hasa: ikikatizwa bila nyingine kushika nafasi yake, pingili za mgongo zaweza kuvunjika. Nishaona watu wakimwaga dawa chooni kwa hasira ya jino. Zungumza na aliyeiandika.

Si kila mtu hukatwa. Wengine hutulia kwa kusukutua na klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, pamoja na antibiotiki panapokuwa na usaha. Ikiwa ni kisu, kipande kilichokwisha kujitenga hutolewa tu. Kilichoshikamana huchongwa mpaka mfupa uanze kutoa damu, kwa kuwa mfupa uliokufa hautoi. Kingo kali husawazishwa, kisha ufizi hushonwa juu yake. Hapo kwenye kushona ndipo ninapomtazama daktari: ufizi ukivutwa ukakaza kama ngozi ya ngoma, nyuzi huachia na mfupa ukabaki uchi tena. Muulize bila haya, "Ufizi utatosha kufunika?" Muulize pia kama kipande kitapelekwa maabara, kwa mwenye saratani ni lazima ijulikane kama haijaingia tayani. Maradhi yakila taya kutoka juu hadi chini, hukatwa sehemu nzima na kuwekwa kibati cha titani, pengine na mfupa mwembamba wa mguuni. Hiyo ni safari nyingine.

Nyumbani, siku ya kwanza asisukutue wala asinywe kwa mrija. Sigara na tambuu zikae mbali, hata wageni wakileta. Bokoboko laini, uji wa mchele wa tui, supu iliyopoa: hayo yanatosha. Mahamri yangoje. Antibiotiki amalize hata akijisikia mzima. Mdomo wa chini waweza kubaki na ganzi. Mwambie daktari siku ya kurudi. Lakini homa, usaha, uvimbe unaoshuka shingoni au shida ya kumeza na kupumua, usingoje kupambazuke.

Meno ya bandia yabaki kwenye kopo mpaka aliyeshona ayaruhusu. Yeye, si fundi aliyeyatengeneza.