Kufunga supachaja kwenye 1NZ-FE bila kuua injini

Injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya cc 1,497 iliyomo kwenye Vitz, Ist, Probox na Fielder, ikiwa mpya hutoa farasi 109 hivi. Supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini kwa mkanda) ya Eaton M45 ikisukuma hewa kwa bar 0.4 inaweza kuifikisha karibu 140. Kwa injini ambayo haijafunguliwa, tosheka na hapo: mgandamizo wake tayari ni 10.5 kwa 1 na konrodi zake ni nyembamba. Tumia petroli ya oktani 95 kwenda juu, na siku ukikosa usikanyage mpaka mwisho.

Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote zimetolewa, akseleta imekanyagwa yote. Injini isiyo na hitilafu husoma bar 14 hadi 15, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Kama inakula oili, itengeneze kwanza. Oili ikipenya kwenye chumba cha mwako hushusha oktani, na injini itagonga (mafuta kuripuka vibaya ndani ya silinda) hata mafuta yakiwa safi.

Mafuta ndiyo kazi yenyewe. Supachaja ni bolti tu. Gari nyingi za 1NZ hazina bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, kwa hiyo presha kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) hukaa kama bar 3.2 bila kujali kinachoendelea ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Hewa ikisukumwa kwa bar 0.4, nozeli hubakiwa na nguvu ya bar 2.8 tu, na mafuta hupungua kwa takriban asilimia 6 wakati ambao injini inayahitaji kuliko wakati wowote. Weka nozeli za cc 300 hadi 330 kwa dakika. Pampu ya zamani usiiamini kwa macho: unganisha geji kwenye reli, panda mlima kwa gia ya tatu, angalia kama presha inashuka. Ikishuka, badilisha pampu.

Kuna mtego ambao umeua injini nyingi. Watu hufunga nozeli kubwa, kisha huweka kifaa cha kupunguza ishara ya sensa ya hewa ili mafuta yasizidi. Mafuta yanakaa sawa kweli, lakini kontrolboksi (kompyuta ya injini) sasa inadhani injini ina mzigo mdogo, hivyo inawahisha moto wa plagi. Hewa imeongezeka, moto umewahi: pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi. Tumia kontrolboksi inayoweza kuandikwa upya, au ya kujitegemea, inayokuruhusu kupanga mafuta na moto kila kimoja peke yake.

M45 zilizotumika hupatikana kwenye MINI Cooper S za 2002 hadi 2006. Jihadhari: kwenye MINI, supachaja hiyo huendesha pampu ya maji kwa gia zilizo upande wake wa nyuma. Huku hazina kazi, kwa hiyo zitolewe na tundu lizibwe kwa kifuniko cha alumini chenye oringi. Zungusha puli kwa mkono. Ukisikia rota (vipande vinavyozunguka ndani yake na kusukuma hewa) zinakwaruzana, au ukinusa oili iliyoungua, iache. Oili ya gia zake ni maalum na imefungiwa humo humo, wala haichangii na ya injini.

Sasa puli. M45 hutoa lita 0.737 kila mzunguko mmoja, na injini ya lita 1.5 huvuta lita 0.75 kila mzunguko wa krenki (shafti kuu ya injini). Zikizunguka sawa, hupati kitu. Uwiano wa 1.5 ndio unaokuletea bar 0.4 hivi, baada ya kutoa hewa inayovuja kati ya rota. Pima puli yako ya krenki: ikiwa na milimita 135, ya supachaja iwe 90. Kwa mizunguko 6,400 ya injini, supachaja itazunguka 9,600, bado mbali na kikomo chake.

Usiifunge kwenye mkanda unaoendesha altaneta na pampu ya maji. Mkanda huo ukiteleza, injini inachemka. Mwambie fundi wa lethi achonge puli ya pili ya krenki, ifungwe kwenye kitovu na si kwenye ukingo wa nje uliogandishwa kwa mpira. Bamba la kushikilia supachaja liwe la chuma cha milimita 10, limeshikwa sehemu tatu au zaidi. Puli zikipishana zaidi ya milimita 1, mkanda utalia, kisha utaruka.

Hewa ipite hivi: chujio, sensa ya hewa, throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na akseleta), supachaja, manifodi. Throto ikikaa baada ya supachaja, ukiachia akseleta hewa inagonga mlango uliofungwa. Kati ya throto na supachaja tumia bomba la chuma, kwa sababu mpira laini hunyonywa ukajikunja. Valvu ya baipasi, inayoruhusu hewa kuizunguka supachaja, isiachwe. Ndiyo inayookoa mafuta ukiwa unatembea polepole. Mpira wa sevo ya breki utoke kwenye manifodi na valvu yake ya upande mmoja iwe nzima. Weka valvu kama hiyo kwenye njia ya PCV (inayonyonya mvuke wa oili kutoka ndani ya injini) na ya mvuke wa tangi pia, la sivyo presha itaingia kwenye chumba cha krenki na kusukuma sili.

Plagi ziwe baridi zaidi, kwa mfano Denso K20 badala ya K16, na pengo lipunguzwe kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, kwani cheche huzimika presha ikipanda.

Endesha mara ya kwanza ukiwa umefunga mkono wa baipasi kwa waya, ubaki wazi, mpaka marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kontrolboksi yakae ndani ya asilimia 5. Kisha ondoa waya. Kwa mzigo kamili, hewa kwa mafuta iwe 11.5 hadi 12 kwa 1, ikisomwa na sensa pana ya oksijeni (wideband) na si ile ya kiwandani. Chelewesha moto nyuzi 6 kuliko ilivyokuwa, halafu rudisha nusu nyuzi kwa nusu nyuzi ukisikiliza. Supachaja ya aina hii hupasha sana: hewa ya joto la nyuzi 30 hutoka ikiwa karibu 85. Panga moto mchana wa jua kali, kwa sababu uliopangwa usiku wa baridi utagonga saa saba mchana. Pakiwa na nafasi ya intakula (kipoza hewa) ya maji kati ya supachaja na manifodi, iweke.

Baada ya kilomita 500 kaza tena bolti za bamba, angalia mkanda, toa plagi. Ukiona chembe za kung'aa kwenye kauri yake, ni alumini ya pistoni: simamisha gari hapo hapo.