Pete ya kwanza ya fedha: kazi ya siku moja katika kiwanda cha sonara

Wanaoanza usonara huwa na hamu ya nakshi. Wanataka kuchora maua kwenye bangili kabla hawajaweza kulehemu pete tupu. Lakini pete tupu, isiyo na jiwe wala mchoro, ina kazi zote ndani yake: kuyeyusha, kufua, kulainisha, kukunja, kulehemu, kupiga tupa na kung'arisha. Hapa tunaifuata pete moja ya kiume, upana milimita 4 na unene milimita 1.5, tangu asubuhi mpaka jioni. Tumechagua ya kiume kwa sababu ndiyo inayoombwa sana visiwani. Mwanamume wa Kiislamu huvaa fedha, si dhahabu, na anataka pete nzito kidogo inayokaa vizuri kidoleni.

Kabla ya kuwasha moto

Angalia juu kwanza. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari nyingi zinabebwa na boriti za mikoko zilizokauka kwa miaka mingi. Utando wa buibui na vumbi lililo baina ya boriti hushika moto upesi. Fagia dari, na ndoo ya mchanga iwe karibu na mguu wako. Mtungi wa gesi uwe mbali na moto, na usiuweke shimoni wala pembe isiyopita hewa, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Usichomee juu ya jiwe la matumbawe wala sakafu ya saruji. Vyote viwili hunywa maji, na vikipata moto mkali ghafla hupasuka na kurusha vipande machoni. Tumia tofali laini la moto, na juu yake uweke pande bapa la mkaa mkavu.

Meza ya tupa na msasa iwe dirishani. Mahali pa moto pawe gizani kidogo. Fedha inayofaa kulainishwa hutoa wekundu hafifu sana, na ukiwa kwenye jua la saa sita huuoni. Utazidi kuipasha mpaka iyeyuke huku ukidhani bado. Zima na feni. Upepo wake unapoza upande mmoja wa pete, na kazi nyingi za kulehemu zinazoharibika wakati wa joto la kaskazi zinaharibikia hapo.

Mtandio, ncha za leso na mikono mipana ya kanzu vifungwe. Nguo ya nailoni huyeyukia mwilini, kwa hiyo vaa pamba.

Kupima na kuyeyusha

Fedha safi ni laini mno kwa pete ya kuvaa kila siku. Kiwango cha kawaida ni 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, na zilizobaki ni shaba. Kwa gramu 10 pima gramu 9.25 za fedha safi na gramu 0.75 za shaba nyekundu. Waya wa umeme uliovuliwa plastiki na kusuguliwa mpaka ukang'aa unafaa. Gramu 10 hutoa ukanda wa kama sentimita 16, wa kutosha pete mbili, na anayejifunza ataihitaji hiyo ya pili.

Wapo wanaoletewa reale za zamani, zile zenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, waziyeyushe. Reale moja ina uzito wa gramu 28.07, lakini fedha halisi ndani yake ni gramu 23.39 tu, kiwango cha 833. Ukitaka kuifikisha 925 lazima uiongezee gramu 34.3 za fedha safi. Mwambie mwenyewe hesabu hiyo kabla hujaitia motoni. Kama hana fedha ya kuongeza, fua kwa 833 na umwambie wazi kuwa ni 833.

Chungu kipya cha kuyeyushia hupakwa tinkali, yaani unga mweupe wa boraksi, kwanza: kipashe moto, nyunyiza tinkali, na uendelee mpaka igeuke kama kioo kilichotandaa ndani. Bila hivyo fedha itang'ang'ania udongo. Tia fedha ianze kuyeyuka, kisha shaba. Shaba pekee huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selisiasi na fedha kwenye 962, lakini fedha ikishakuwa maji huila shaba bila kungoja joto lote hilo. Ongeza chembe ya tinkali. Moto uwe laini, usiovuma sana, kwa sababu fedha ya maji hunywa hewa na ikipoa huitema, na mkuo, yaani kipande kilichomiminwa, unatoka na vitundu.

Wakati huohuo kalibu ya chuma, utakamomimina fedha, iwe inapata joto pembeni. Hili halisameheki, hasa wakati wa masika. Chuma kilicholala usiku mmoja kwenye unyevu wa kisiwani huwa na maji usiyoyaona, na fedha ya moto ikiyagusa hurushwa juu. Pasha kalibu mpaka tone la maji likidondoka juu yake liruke na kutoweka. Kabla ya hapo ipitishe juu ya moshi wa kibatari ipate masizi, mkuo utoke bila kushikana.

Fedha ikiwa tayari hukusanyika kama tone moja, hung'aa kama kioo na kutikisika ukigusa mpini. Mimina kwa mkupuo mmoja, na moto uendelee kupiga mdomo wa chungu mpaka tone la mwisho. Ukiondoa moto mapema, nusu itaganda njiani.

Kufua na kulainisha

Ufue mkuo juu ya fuawe kwa nyundo yenye uso laini. Kovu lililoko kwenye nyundo litaonekana kwenye fedha, basi ing'arishe nyundo kabla. Piga kuanzia katikati kwenda pembeni, geuza kila baada ya mapigo machache, na usiache upana ukazidi milimita 4 na nusu.

Fedha hukaza kila unapoipiga. Sikiliza: mwanzo sauti ni nzito, baadaye inakuwa kali na nyundo inaanza kudunda. Hapo simama. Kwa kipimo cha mkono, unene ukipungua karibu nusu, ilainishe. Anayeendelea kupiga hupata nyufa ndogo ukingoni, na ufa wa ukingoni hauishi kwa nyundo; unazidi kuingia ndani. Ukiuona, upige tupa mpaka utoweke ndipo uendelee.

Kulainisha ni kuipasha mpaka wekundu hafifu, kama nyuzi 650, na kuiacha hapo kidogo. Kama hujaizoea rangi, chora mstari juu ya fedha kwa kalamu ya wino mzito. Mstari ukifutika kwa moto, umefika. Ondoa moto, ngoja wekundu upotee, ndipo uitumbukize kwenye maji ya kawaida.

Kuosha weusi

Kila ikitoka motoni fedha huwa na weusi wa shaba iliyoungua na ganda la tinkali. Huondolewa kwa maji makali. Unga wa ndimu, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya moto, unatosha. Wa zamani walitumia ukwaju au shabu, na bado vinafanya kazi, ila polepole zaidi. Makosa mawili hapa yanajirudia. La kwanza ni kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida: ni aluminiamu, na asidi inaila. Tumia bakuli la kioo au la udongo uliopakwa rangi ya kioo. La pili ni kutoa pete kwa kibano cha chuma. Chuma kikiingia humo, shaba iliyomo majini hurudi juu ya fedha na pete inatoka nyekundu. Tumia chelewa mbili au kibano cha shaba. Na usitumbukize kitu cha moto moja kwa moja kwenye asidi. Mvuke wake unaunguza koo.

Kipimo cha kidole

Urefu wa ukanda ni kipenyo cha ndani pamoja na unene wa fedha, mara 3.14. Kwa kipenyo cha milimita 17 na unene wa 1.5: 18.5 mara 3.14, yaani milimita 58. Anayesahau kuongeza unene hutoa pete isiyopita kwenye kifundo. Ongeza nusu milimita kwa ajili ya tupa. Pima kidole jioni au baada ya kazi, maana asubuhi kimesinyaa.

Kunja kwa koleo lisilo na meno, au kwa nyundo ya mbao juu ya chuma cha duara. Isiwe duara kamili kwa sasa. Kinachotakiwa ni ncha mbili kukutana sawasawa. Pitisha msumeno mwembamba katikati ya kiungo ili nyuso zote mbili zipigwe kwa pamoja, kisha zibane tena. Inyanyue uelekee dirishani. Ukiona mwanga katikati, rudia. Lehemu haijazi pengo. Inaunganisha vitu vilivyogusana.

Kulehemu

Hapa ndipo pete nyingi za wanafunzi zinapofia.

Lehemu ni ya fedha, si ile ya mafundi redio. Ile ina bati, na mara nyingi risasi. Ukiitumia, siku fundi mwingine akiipasha pete ile moto, risasi itaitoboa fedha kama mchwa. Ya fedha unaweza kununua au kutengeneza: gramu 3 za fedha safi kwa gramu 1 ya shaba ya manjano, na shaba itiwe mwisho kwa sababu zinki yake huungua na kutoka moshi mweupe. Moshi huo huleta homa; fungua madirisha. Ukinunua, uliza kama ina kadimi, na ikiwa nayo iache. Kadimi huharibu mapafu na figo, na mtu haioni wala kuinusa.

Saga tinkali na maji kwenye kigae mpaka iwe kama maziwa, paka kiungo ndani na nje. Kata vipande viwili vya lehemu vya milimita moja na uviweke ndani ya pete, juu ya kiungo. Sasa moto, kwa mbali. Tinkali huumuka kwanza kama povu na inaweza kurusha vipande. Ikituama, virudishe kwa ncha ya kibano. Peleka moto upande wa nyuma wa pete, mkabala na kiungo, kwa kuwa huko ndiko kwenye fedha nyingi. Zungusha. Pete yote ikianza wekundu, lete moto kwenye kiungo kutoka nje. Lehemu hufuata joto: iko ndani, joto linatoka nje, nayo itavutwa kupita kiungoni. Utaona mstari wa kung'aa ukipita ghafla kama maji kwenye ufa. Ondoa moto hapohapo.

Lehemu ikijikunja kuwa kidonge na kukataa kutiririka, kiungo kina uchafu, au umeipasha lehemu badala ya pete. Usiongeze moto. Acha ipoe, osha, paka tinkali upya. Ikikimbilia upande mmoja, upande huo ulikuwa na joto zaidi. Ukiona vitundu baada ya tupa, ulikawia. Zinki imechemka ndani ya lehemu.

Tupa, msasa na weupe

Osha weusi, kisha ivishe pete kwenye chuma chake na uigonge kwa nyundo ya mbao mpaka iwe duara. Kama kiungo ni kibovu kitafunguka hapa, na ni afadhali kifunguke mezani kuliko kidoleni kwa mteja. Tupa iondoe lehemu iliyozidi, usiendelee hadi ukala pete. Kisha msasa wa 240, 400, 600 na 1,000, kila mmoja ukivuka mikwaruzo ya uliotangulia. Ukiruka namba, mkwaruzo wa 240 utakusubiri mpaka mwisho.

Ukiona doa la kijivu chenye uzambarau lisilotoka kwa kitambaa, ni shaba iliyoungua chini ya ngozi ya fedha. Endelea na msasa mpaka liishe, au ipashe pete moto mdogo na kuiosha kwenye maji ya ndimu mara tatu nne. Kila mara shaba ya juu huondoka, na uso unabaki fedha tupu, mweupe kama maziwa. Malizia kwa kusugua na jiwe la akiki lililolainishwa, lenye maji ya sabuni.

Pete hii iwe na kama gramu 3.6. Pima pamoja na mabaki ya ukanda na unga wa tupa, ulinganishe na gramu 10 za asubuhi. Unga huo uukusanye kwenye ngozi iliyotandikwa mapajani, upitishe sumaku kuondoa chuma cha tupa, na unga wenye lehemu uwe na kopo lake, usichanganywe na fedha safi. Pakipotea zaidi ya nusu gramu, fagia chini ya meza kabla hujafunga mlango.