Namna ya Kuendesha Mkutano wa Kazi kwa Njia ya Video Pale Ambapo Mtandao Haulingani

Katika ofisi nyingi za Uganda, mkutano wa video huitishwa na mtu aliye Kampala, mwenye intaneti ya waya na jenereta nyuma ya jengo, ilhali nusu ya wajumbe wako Arua, Kasese au Moroto, wakitegemea simu ya mkononi na bando walilonunua asubuhi hiyo hiyo. Mkutano ukipangwa kwa kipimo cha Kampala, wale walio mbali hubaki kuwa majina tu kwenye skrini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti, na unamtaka apime kila jambo, kuanzia saa ya kufungua kikao hadi namna ya kupitisha uamuzi, kwa hali ya mjumbe mwenye mtandao dhaifu kuliko wote.

Kabla ya kutuma kiungo, mwenyekiti ajiulize ni uamuzi gani unaotakiwa kufikiwa na kikao hicho. Ikiwa hakuna, na lililopo ni taarifa tu, basi aandike ujumbe na kuwaachia watu muda wao. Ikiwa upo, ajenda iandikwe kwa njia ya maswali. Ajenda inayosema "Magari" haimwambii mtu ajiandae na nini, lakini inayosema "Ni gari lipi litengenezwe kwanza, la Arua au la Kasese, na fedha zitoke fungu gani?" itamfanya mhasibu aje na hesabu zake na msimamizi wa magari aje na ripoti ya fundi. Nyaraka zitumwe siku moja kabla, zikiwa zimepunguzwa uzito, kwa kuwa jedwali la safu kumi na mbili linaloonyeshwa kwenye skrini halisomeki kwa mtu anayetumia simu. Kipengele cha "Mengineyo" ningekifuta kabisa: hufika wakati watu wamechoka na bando limekaribia kuisha, na ndipo jambo zito linapochomekwa na kupitishwa bila kujadiliwa.

Saa ya kuanza ina mtego wake. Programu za mikutano huandika 10:00 pale ambapo sisi husema saa nne asubuhi, na mtu akiandika "saa 4" katika kundi lenye wafanyakazi wa nchi mbalimbali, yuko atakayejiunga alasiri. Vilevile, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam hutumia saa zilezile, lakini Kigali na Bujumbura ziko nyuma kwa saa moja, na Juba nayo imekuwa hivyo tangu Februari 2021. Kwa hiyo mwaliko useme bayana: "Saa nne kamili asubuhi, yaani 10:00, kwa saa za Kampala, saa tatu asubuhi kwa walio Kigali na Juba."

Jambo linalosahauliwa zaidi ni gharama. Kwa vipimo vilivyotolewa na kampuni ya Zoom, mazungumzo ya sauti peke yake huhitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, ilhali video safi baina ya watu wawili huhitaji kilobiti 600 za kutuma na 600 za kupokea. Ukipiga hesabu, saa moja ya sauti haizidi megabaiti 72 hata ukijumlisha kutuma na kupokea, na saa moja ya video hufikia megabaiti 540. Nchini Uganda, tangu Julai 2021, data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, na anayeulipa ni mnunuzi wa bando. Ofisi inayomwita mtumishi wa wilayani kwenye kikao cha video impelekee data kabla ya kikao, si kumwahidi kurudishiwa fedha mwisho wa mwezi. Kisha mwenyekiti atangaze utaratibu wa kamera: zifunguliwe dakika za mwanzo ili watu waonane, zizimwe wakati wa majadiliano, na abaki nayo anayezungumza tu endapo mtandao wake unaruhusu. Kumlazimisha mtu awashe kamera ili kuthibitisha kwamba yupo ni kumnyima nafasi ya kusikika.

Kuhusu sauti, watu wawili waliokaa chumba kimoja, kila mmoja akiwa na kompyuta yake imewashwa spika, hutoa mwangwi unaoharibu kikao kizima. Wachague kifaa kimoja cha kusemea na kusikilizia, na vile vingine vizimwe maikrofoni na spika pia, au kila mmoja avae hedifoni. Mvua ikianza kupiga juu ya paa la mabati, hakuna programu itakayoishinda kikamilifu. Mjumbe azime maikrofoni na aandike mchango wake kwenye sehemu ya ujumbe, na katibu ausome kwa sauti. Ruta ya ofisini iunganishwe na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika kompyuta ndogo huendelea kuwaka lakini intaneti huondoka papo hapo.

Salamu zisikatazwe. Kikao kinachoingia moja kwa moja kwenye ajenda bila kujuliana hali huonekana cha kibaridi, na watu hawatafunguka. Hata hivyo, watu kumi na watano hawawezi kusalimiana mmoja mmoja, hivyo mwenyekiti asalimu kwa niaba ya wote huku akitaja vituo: "Arua mpo? Mbale, habari za huko?" Kila kituo kikijibu, sauti zao nazo zimepimwa. Kama ofisi ina desturi ya kufungua kwa sala, mwombaji ateuliwe mapema, la sivyo dakika tatu zitapotea katika ukimya wa kusubiriana.

Majadiliano yenyewe ndiyo yanayohitaji ustadi. Katika ofisi zetu mkubwa akishasema, wadogo huunga mkono, na kwenye video hali huwa mbaya zaidi kwa sababu mwenyekiti haoni nyuso za wenye shaka. Dawa yake ni kupanga zamu kuanzia chini kwenda juu: afisa wa wilayani aseme kwanza, mkuu wa idara afuate, na mkurugenzi awe wa mwisho. Mkurugenzi aelezwe utaratibu huo faraghani kabla ya kikao, kwa heshima, asije akadhani amedharauliwa. Pia swali la jumla, "Kuna mwenye maoni?", huleta kimya tu. Mwenyekiti aite kituo na aulize jambo ambalo kituo hicho kinalijua: "Kasese, gari lenu likikaa wiki mbili bila kutengenezwa, ni kazi ipi itakayosimama?" Baada ya kuuliza, asubiri zaidi ya anavyozoea, kwani sauti huchelewa na mtu huhitaji kutafuta kitufe cha maikrofoni. Wajumbe kutoka Kenya au Tanzania wakiwepo, atangaze tangu mwanzo kwamba mtu yuko huru kuchanganya Kiswahili na Kiingereza, na katibu aandike kila uamuzi kwa Kiswahili chepesi kwenye sehemu ya ujumbe.

Mwenyekiti awe na msaidizi aliye kituo kingine, mwenye mamlaka ya kuendesha kikao kwenye programu, ili umeme wa jengo moja usikatize mkutano wote. Anayekatika kila mara apigiwe simu ya kawaida na aunganishwe kupitia spika ya simu hiyo. Zoom isiyolipiwa hukatisha kikao baada ya dakika 40, na kwa kweli ajenda yenye maswali mawili hutosha kabisa ndani ya muda huo.

Kikao kisirekodiwe kwa mazoea. Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi na faragha tangu mwaka 2019, na sura na sauti ya mtu ni miongoni mwa data hizo, kwa hiyo wajumbe waombwe ridhaa, waelezwe rekodi itahifadhiwa wapi na ni nani atakayeisikiliza.

Dakika tano za mwisho katibu asome kila uamuzi, mhusika na tarehe, na mhusika aitikie kwa mdomo. Muhtasari utumwe siku hiyo hiyo ukiwa maandishi ya kawaida kwenye WhatsApp, si faili zito la kupakua. Kabla haujatumwa, katibu ampigie kila aliyekatika katikati ya kikao, amsomee yaliyopitishwa bila yeye kuwepo, na kama ana pingamizi, liandikwe humo humo chini ya uamuzi unaohusika, ili lijadiliwe kwanza katika yatokanayo ya kikao kijacho.