Mazoea madogo ya kila siku kwa mwenye kigugumizi: hatua kwa hatua

Nina kigugumizi tangu utotoni. Miaka mingi niliimaliza nikitafuta mbinu ya kukiondoa, na kila nilipodhani nimekishinda kilirudi, tena mahali pabaya: mbele za watu. Nafuu niliipata nilipoacha kukificha nikaanza kukishughulikia kidogo kidogo kila siku. Mazoea ninayokueleza hapa hayatakupa ulimi usiokwama. Yanapunguza kukaza, kupigana na neno na kukwepa kusema, na kwa uzoefu wangu hayo matatu humchosha mtu kuliko kigugumizi chenyewe.

Kabla hujaanza, jua unashughulika na nini. Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, mara nyingi kuna ndugu mwingine katika ukoo aliye nacho, na kinahusiana na jinsi ubongo unavyopanga na kuendesha usemi. Akili haipungui kwa sababu yake. Woga na haraka hukichochea, lakini si chanzo chake. Takriban mtu mzima 1 kati ya 100 anacho, kwa hiyo hauko peke yako hata kama hujawahi kukutana na mwenzako.

Wawili wasitegemee mwongozo huu. Mtu mzima ambaye hakuwa nacho kisha kikamwanza ghafla, hasa baada ya kuumia kichwa au pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, aende hospitali mara moja. Na mtoto mdogo apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya usemi mapema. Watoto wengi hupona wenyewe, lakini si kazi ya mzazi kubahatisha nani atapona.

Hatua ya 1: Wiki ya daftari

Kwa siku saba usirekebishe chochote. Kila usiku andika mistari mitatu: neno lililokukwamisha, mwili ulikaza wapi, na neno ulilolikwepa.

Mstari wa tatu ndio wenye uzito. Sisi wenye kigugumizi ni wepesi mno wa kubadilisha maneno, kiasi kwamba hatujioni tukifanya hivyo. Wiki yangu ya kwanza niliandika kwamba nilipoulizwa jina kwenye simu nilitaja la kaka yangu, kwa sababu langu linaanza na B na lake linaanza na A. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka na miaka. Nilipoliona limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe ndipo nilipojua kigugumizi kimenichukulia nini.

Hatua ya 2: Dakika tano na kioo

Kila asubuhi, simama mbele ya kioo na ulikwamishe kwa makusudi neno moja la jana. Tazama. Kwangu, kwenye B, midomo hubanana mpaka inapauka, pumzi husimama kooni na mshipa wa shingo hutokeza. Sasa legeza nusu. Legeza tena. Midomo iguse tu, kama kidole kinavyogusa uso wa maji, pumzi ianze kupita, halafu sauti. Kwa T na K, ncha au shina la ulimi liguse kwa wepesi uleule. Kwa maneno yanayoanza na irabu, anza na pumzi laini kabla ya sauti.

Malizia kwa kusoma aya moja kwa sauti. Utagundua ukiirudia aya ileile mara nne au tano, kukwama kunapungua. Usidanganyike ukadhani umepona. Wengi wetu hatukwami tukiimba, tukisoma pamoja na wengine au tukiwa peke yetu chumbani. Asubuhi unaufundisha mdomo mwendo mwepesi tu. Kazi yenyewe iko nje, kwa watu.

Hatua ya 3: Lirudie neno lililokwama

Hapa ndipo nitakapokuomba uvumilivu, maana ndipo nilipopata faida kubwa. Mbinu hii imetokana na kazi ya Charles Van Riper, mtaalamu wa tiba ya usemi kutoka Marekani aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe, na ina ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni baada ya neno. Tuseme unauliza bei, na neno "bei" limekwama, ukalisukuma mpaka likatoka. Usikimbilie neno linalofuata. Nyamaza, hesabu moja, mbili, tatu moyoni, legeza midomo, kisha sema "bei" tena taratibu kwa mguso mwepesi. Likikwama tena si shida, mradi limekwama bila kukaza sana. Ndipo uendelee. Ule ukimya wa katikati utakuumiza mwanzoni. Utahisi kila mtu anakutazama. Kaa nao hivyohivyo, kwa sababu kukimbia kukwama ndiko kunakokufundisha kuogopa kukwama.

Ngazi ya pili ni ndani ya neno. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kujishika ukiwa umekwama. Usirudi nyuma wala usisukume. Baki papo hapo kwenye B, legeza shinikizo polepole mpaka pumzi ipite, na utoke nayo.

Ngazi ya tatu ni kabla ya neno. Unaliona linakuja, unalijua litakwama, basi unaliingia taratibu kwa midomo iliyolegea. Wengi wanataka kuanzia hapa na wanashindwa, kwa kuwa mwili bado haujajua kulegea ukiwa katikati ya shida. Fuata mpangilio.

Usianzishe mazoea ya kupiga mguu chini, kufumba macho au kuvuta pumzi kubwa ili neno litoke. Hufanya kazi siku chache, kisha nguvu zake huisha na unabaki na kigugumizi pamoja na mguu unaopigapiga.

Hatua ya 4: Kwama kwa makusudi, mara moja kwa siku

Chagua neno usilokwama kwalo na uligugumize kwa hiari mbele ya mtu: "na-na-naomba maji." Polepole, bila kukaza, ukimtazama usoni. Anza na mtu unayemwamini. Zoezi hili watu hulipinga sana, nami nililipinga. Lakini ukishakwama kwa kutaka mwenyewe, na dunia ikaendelea kama kawaida, hofu ya kukwama bila kutaka hupungua.

Hatua ya 5: Simu moja

Kila siku piga simu moja ambayo ungeituma kama ujumbe. Fupi tu: kuuliza saa za kufungua kunatosha. Fungua kwa kusema, "Nina kigugumizi, naomba unipe muda kidogo." Sentensi hii ni nafuu kuliko mbinu zote, maana huna tena cha kuficha. Baada ya wiki kadhaa, weka jina lako ndani ya simu hiyo. Langu lilikwama kwenye B mara ya kwanza kabisa, nikanyamaza, nikalirudia. Yule mtu akauliza tu linaandikwaje.

Kuhusu hesabu na siku mbaya

Usiku usihesabu mara ulizokwama. Hesabu maneno uliyoyasema ingawa ulijua yatakwama. Kigugumizi hupanda na kushuka chenyewe: wiki moja unasema vizuri, wiki inayofuata hata salamu inakataa, hasa ukiwa umechoka au hujalala. Siku kama hiyo punguza: acha simu, acha aya, bakiza neno moja la kurudia. Usiruke siku mbili mfululizo.

Na waambie wa nyumbani. Wengi hukatiza kwa upendo: "tulia," "vuta pumzi," au wanakumalizia neno. Waeleze kwamba maneno hayo yanakuongezea haraka. Waombe wakutazame kama wanavyomtazama mtu yeyote anayezungumza, wasubiri umalize, kisha wajibu kile ulichosema.