Benki ya mbegu za mboga kijijini: tangu shina la mama hadi daftari la mikopo

Vikundi vingi vinavyoanzisha benki ya mbegu, yaani ghala la pamoja ambako wakulima hukopa mbegu na kuzirudisha baada ya mavuno, hukimbilia kutafuta kabati na makopo. Makopo si tatizo. Mbegu za kikundi huharibiwa na unyevu au na kuchanganyika kwa aina, na yote mawili huanzia shambani, kabla mbegu haijamfikia mtunza ghala.

Anzeni na mazao yanayojichavusha yenyewe: kunde, maharage, nyanya, mnavu. Aina mbili za kunde zikitenganishwa kwa mita 5 hadi 10, au kwa mistari michache ya mahindi, karibu zote zitazaa kama mama yao. Bamia na pilipili hujichavusha pia, lakini nyuki huzichanganya kiasi cha kusumbua, hivyo ni heri mwanakikundi mmoja apande aina moja tu kwa msimu. Mchicha huchavushwa na upepo; mchicha pori wowote ulio karibu ung'olewe kabla haujachanua.

Maboga ndiyo yenye mitego. Nyuki wakileta chavua ya aina nyingine, boga la msimu huu halitaonyesha dalili yoyote. Mseto hujitokeza mbegu zake zikipandwa, wakati mmeshazigawa kwa kaya kadhaa. Dawa yake ni kuchavusha kwa mkono. Jioni, tafuta maua yatakayofunguka kesho (ncha zake huwa zimeanza kugeuka njano), jike moja na madume mawili kutoka mashina tofauti ya aina hiyohiyo, uyafunge ncha kwa uzi. Asubuhi mapema kata dume, toa petali zake, fungua jike, pakaza chavua, kisha ufunge jike tena. Funga utepe kwenye kikonyo cha tunda ili lisije likaishia chunguni.

Mbegu chotara, zile zenye F1 kwenye pakiti, msizipokee kabisa. Kizazi chake cha pili hutawanyika: mashina mengine marefu, mengine mafupi, na ugonjwa uliokuwa hauwapati wazazi huwapata baadhi ya watoto.

Mashina ya mbegu huchaguliwa mapema na kufungwa kitambaa, yakiwa na afya na bila majani yenye mabakabaka. Tabia ya kula mazuri na kuacha masalia yawe mbegu hudhoofisha aina kidogo kidogo. Kwa mchicha na mgagani (pwani huitwa mwangani) kuna kosa lisiloonekana haraka: kuvuna mbegu kwa mashina yaliyotangulia kuchanua. Ukifanya hivyo misimu kadhaa, mboga yako itakuwa ya kukimbilia maua, na majani hakuna. Chagua yanayochelewa. Mchicha uvunwe kwa mashina 20 au zaidi, maboga na nyanya angalau 6, na mbegu zichanganywe kwa kiasi sawa kutoka kila shina.

Kunde na maharage huvunwa maganda yakiwa makavu shinani. Mchicha hukatwa suke pale ukilitikisa juu ya kiganja mbegu zinapodondoka. Anika kwenye turubai, pura, pepeta kwa ungo. Maganda ya mgagani yavunwe yakiwa ya njano, kabla hayajapasuka. Mbegu zake mpya hulala, na zikisiwa mara tu baada ya kuvunwa nyingi hazioti, kwa hiyo zikae miezi 3 hadi 6 kabla ya kugawiwa. Mwanga pia huzizuia kuota, basi zifukiwe kidogo. Wengi huilaumu mbegu ya mgagani kumbe imesiwa mapema.

Nyanya iliyoiva sana ikamuliwe kwenye kopo, iongezwe maji kidogo, iachwe siku 1 hadi 2 kwenye joto, 3 kwenye baridi, ikikorogwa kila siku. Uchachu huondoa ule ute unaozuia kuota. Ukizidisha siku, mbegu zitaanza kuchipua humohumo. Osha, chukua zilizozama, anika kwenye sahani au chujio. Kwenye karatasi zitaganda. Boga liache wiki 3 hadi 4 baada ya kulichuma ndipo ulipasue, kwani mbegu huendelea kukomaa ndani yake.

Kukausha kufanyike kivulini penye upepo, mbegu zikipinduliwa na kuingizwa ndani jioni. Bati au sakafu ya saruji ya adhuhuri huziua bila wewe kujua, kwa kuwa kwa macho zinabaki nzuri. Mbegu ya boga iliyokauka huvunjika, haikunjiki. Punje ya kunde haipokei alama ya jino. Unaweza pia kutia mbegu na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise, usubiri robo saa: chumvi ikigandamana, unyevu umezidi asilimia 15. Isipogandamana, msifurahi haraka, maana mbegu za mboga hutakiwa zishuke hadi karibu asilimia 5 hadi 8. Kila asilimia moja ya unyevu inayopungua huongeza maisha ya mbegu karibu mara mbili.

Ili kufika huko, kaanga mchele bila mafuta hadi uwe wa kahawia, uache upoe ndani ya chupa iliyofungwa, ufunge kwenye kitambaa na uuweke pamoja na mbegu, kiasi sawa kwa uzito, kwa wiki mbili. Kisha uondoe na ufunge chupa upya. Kunde zinahitaji ulinzi wa ziada, kwani vidudu hutaga mayai kwenye maganda zikiwa bado shambani: changanya vikombe 3 vya jivu lililochekechwa kwa vikombe 4 vya kunde, na tabaka la jivu juu.

Lebo iandikwe kwa kalamu ya risasi, moja ndani na moja nje: jina la aina, mkulima, mahali, mwezi na mwaka, idadi ya mashina ya mama.

Kabla ya kukopesha, viringisha mbegu 50 kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabu zilizoota baada ya siku 7 hadi 10, zidisha kwa mbili upate asilimia. Chini ya asilimia 50 msizikopeshe. Zisieni wenyewe mpate mpya.

Mkopo ni kibaba kimoja, marejesho viwili; kwa mbegu ndogo tumieni kijiko cha chai. Mlango wa uharibifu ni marejesho, si mkopo. Mwulizeni kila anayerudisha alipanda nini jirani, na mbegu yenye shaka ipokelewe kama chakula tu. Theluthi moja ya kila aina isikopeshwe, na sehemu yake ikae kwenye nyumba ya pili, mbali na ghala.

Kuhusu kuuza, muwe waangalifu. Tanzania, anayetaka kuuza nje ya kuazimana hujisajili TOSCI, taasisi ya serikali inayothibiti ubora wa mbegu, ili azalishe mbegu za daraja la kuazimiwa ubora (kwa Kiingereza Quality Declared Seed). Kenya, Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kubadilishana na kuuziana mbegu zao vinakiuka katiba. Jina la mbegu iliyothibitishwa, hata hivyo, msilitumie kwa mbegu isiyokaguliwa.