Kabla Hujaingia Chini ya Chuma: Kagua Pua, Masikio na Koo

Mchana natibu masikio, pua na koo hapa Nairobi; jioni nanyanyua vyuma. Ukijaza hewa, ukaziba pumzi na kukaza tumbo, shinikizo haliishii kiunoni, hupanda hadi kichwani. Mbinu hiyo ina jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyechapisha kitabu kuhusu sikio mwaka 1704. Yeye aliitumia kutoa usaha sikioni.

Hatua ya 1: Pua. Kabla ya kupasha mwili, ziba tundu moja, vuta hewa kwa jingine, kisha badilisha. Yote mawili yakigoma kupitisha hewa, punguza uzito siku hiyo. Vumbi la Januari na baridi ya Julai hutusumbua sana. Suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 250 kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji ya bomba yasiyochemshwa hapana. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, la sivyo pua huyazoea na kuziba zaidi. Na wewe unayeshindana, soma pakiti ya vidonge vya mafua: sudoefedrini ikizidi maikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo siku ya shindano, umevunja sheria za dawa za kusisimua misuli.

Hatua ya 2: Masikio. Hapa naomba utulie. Meza mate, ukisikia mlio mdogo, mirija inayounganisha masikio na koo inafunguka. Masikio yakiwa yameziba kwa mafua, usijaribu uzito wako wa juu kabisa. Na ikitokea katikati ya kunyanyua sikio moja likanyamaza ghafla, likavuma au ukashikwa na kizunguzungu, weka chuma chini uende hospitali siku hiyo hiyo. Huenda utando mwembamba wa sikio la ndani umechanika. Wengi hudhani ni nta, wanachokora kwa pamba wiki nzima, na siku hizo ndizo tulizozihitaji kuokoa usikivu.

Kizunguzungu cha kwenye benchi ni kingine. Ukilala tu dunia inazunguka, inatulia kabla ya dakika moja: mara nyingi ni vijiwe vidogo vya sikio la ndani vilivyohama. Tunavirudisha kwa kukugeuza kichwa kwa mpangilio, pale pale kitandani.

Hatua ya 3: Damu puani. Keti, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Damu ya mdomoni iteme. Mazoezi yameisha kwa leo. Isipokatika, nenda hospitali.

Hatua ya 4: Koo. Mafindofindo yakivimba na una homa, pumzika. Lakini hofu yangu kubwa kwa wanyanyuaji ni usingizi. Pima shingo: mwanamume akizidi sentimita 43 na anakoroma, koo huweza kujifunga usiku na pumzi kukatika. Asubuhi kichwa kinauma, nguvu hazirudi, naye analaumu chakula. Muulize unayelala naye chumba kimoja. Kama unalala peke yako, acha simu irekodi usiku mzima, uje nayo kliniki.